Polisi jamii warudi mitaani, ila kwa masharti gani?

Wizi unapozidi mtaani, mkutano wa shehia, eneo dogo la utawala hapa Zanzibar lililo chini ya sheha, huwa na ajenda moja tu ya kweli. Sheha atasoma ya usafi, ya chanjo na ya daftari la wakaazi, watu wavumilie, mpaka mzee mmoja anyanyuke aseme: "Bwana sheha, vijana wa polisi jamii wako wapi? Mbona hatuwaoni tena?" Hapo ndipo watu wanapochangamka. Mmoja kaibiwa mota ya maji, mwengine mtungi wa gesi, wa tatu kakatiwa kufuli la banda na mbuzi wawili hawapo. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, huwa yuko mama asiyesema kitu. Mwanawe aliwahi kupigwa na vijana haohao wanaotakiwa warudi.

Suala hili liko Unguja na liko Pemba, na majibu yake hayafanani. Wako wanaosema vikundi hivi vya polisi jamii, yaani ulinzi shirikishi wa wakaazi wanaopiga doria usiku, ndiyo dawa pekee iliyobaki, na wako wanaosema tuliwahi kuvionja na havina tafauti kubwa na wale tunaowakimbia. Mimi niko na wanaotaka virudi. Lakini sikubali virudi kama vilivyokuwa, na nadhani wanaovipinga wana hoja nzito ambazo huwa tunazizima haraka kwa sababu tu mtu kaibiwa jana.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Polisi jamii kama mpango wa Jeshi la Polisi ulipata nguvu kuanzia 2006, Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali. Wazo lake ni jepesi: askari hawawezi kuwepo kila uchochoro, na anayejua nani mwenyeji na nani mpita njia ni jirani. Hapa kwetu mpango huo ulikuta tayari kuna sheha. Kwa hiyo kikundi cha shehia kikawa na wakubwa wawili. Polisi ni jambo la Muungano, na sheha ni wa Serikali ya Mapinduzi, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kijana mwenye kizibao na tochi anapangiwa zamu kwa sheha, watuhumiwa anawapeleka kituoni, na siku akikosea, kila upande husema "huyo si wetu". Nusu ya matatizo ya vikundi hivi yanatokana na hapo, wala hayatokani na tabia mbaya za vijana wenyewe.

Haja ya ulinzi ipo, na haikubuniwa na mtu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kutoka 1,303,569 wa mwaka 2012, na karibu nusu yao wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Ukitoka Mwanakwerekwe ukaelekea Fuoni, au ukaingia ndani Kwarara na Tomondo, unaziona nyumba zimesimama pale palipokuwa na mihogo na minazi. Mitaa ya zamani ya Ng'ambo, kama Kikwajuni na Jang'ombe, ilijilinda yenyewe kwa sababu ya barza. Watu walikaa nje mpaka usiku, wengine kwenye kahawa, wengine kwenye bao na dhumna, na mtu asiyejulikana hakupita mara mbili bila ya kuulizwa anamtafuta nani. Mitaa mipya haina hayo. Kuta ni ndefu, mageti yamefungwa, mchana wenye nyumba wako kazini na watoto wako skuli, usiku njia hazina taa. Jirani unamjua kwa gari yake tu. Kamera za mradi wa Mji Salama ziko barabara kubwa na maeneo ya mjini, hazioni kinachofanyika nyuma ya banda la kuku.

Na wizi wenyewe una sura yake. Kinachoibiwa zaidi ni kile kinachobebeka na kuuzika asubuhi yake: mota, koki, nyaya za shaba, mitungi, simu iliyoachwa dirishani inachajiwa. Anayeiba mara nyingi ni kijana aliyenaswa na unga, yaani dawa za kulevya, ambaye mtaa mzima unamjua toka yuko chuoni anasoma juzuu. Gari ya polisi ikipigiwa simu saa tisa za usiku, mpaka ifike, ipite kwenye mashimo, iulize njia, mwizi keshavuka. Vijana wa kikundi wanakijua kile kichochoro kinachotokea nyuma ya msikiti. Wanajua nyumba ipi haijamaliziwa na nani analala humo. Ujuzi huo hauwezi kununuliwa kwa bajeti ya wizara yoyote, na ndiyo hoja yangu kubwa ya kuvitaka vikundi.

Lakini ujuzi huohuo ndio unaoumiza. Kijana aliyewahi kuiba mara moja huwa mwizi wa kila kinachopotea baada ya hapo, hata kama ametoka nyumba ya nafuu, ya kuachia dawa, na hajagusa unga mwaka mzima. Hahojiwi, hufuatwa tu kitandani. Sheria inampa raia nafasi ya kumkamata anayefanya kosa mbele ya macho yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila ya kuchelewa. Haimruhusu kumfunga mtu kwenye mnazi mpaka alfajiri, wala kumnyoa nywele, wala kumtandika bakora ataje wenziwe. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda uhuru wa mtu na faragha yake, na ulinzi huo haukuwekwa kwa watu wenye sifa nzuri mtaani peke yao.

Chukua kijana anayefanya kazi jikoni katika hoteli ya Nungwi au Kiwengwa. Zamu yake inamalizika saa sita za usiku. Gari ya wafanyakazi inamshusha barabarani, na mpaka aingie mtaani ni saa nane, begi mgongoni.

"Unatoka wapi saa hizi?"

"Kazini, kaka."

"Kazi gani hiyo ya saa nane? Fungua begi."

Ndani ya begi mna nguo za jikoni zinazonuka kitunguu, viatu na mkate uliofungwa kwenye karatasi. Akiwa na bahati ataambiwa apite. Akijibu kwa lafudhi ya Bara, maswali yanaongezeka, kitambulisho kinatakiwa, na pengine atakaa chini mpaka atafutwe mwenye nyumba aliyompangisha. Kesho yake usiku atasimamishwa tena na zamu nyengine, kwa sababu waliomkagua jana hawakuandika popote. Nakubali kwamba mwenye nyumba anapaswa kumpeleka mpangaji wake kwa sheha akaandikishwa, na ingekuwa vyema jambo hilo likafuatwa kweli. Ila mtu akishaandikishwa, ni mkaazi. Uchumi wa kisiwa hiki umesimama kwenye utalii, na utalii haulali saa mbili za usiku. Wavuvi nao wanakwenda dikoni kabla ya alfajiri. Mtaa unaomshuku kila anayetembea usiku unawashuku wafanyakazi wake wenyewe.

Halafu kuna kumbukumbu ambayo watu hawaitaji mkutanoni, lakini wanakaa nayo. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 25, 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 20, 2016, na katika kipindi kile wakaazi wa baadhi ya mitaa ya mjini walilalamikia watu waliofunika nyuso waliokuwa wakipita usiku na kupiga raia. Watu waliwaita mazombi. Siwafananishi vijana wa shehia na watu wale. Nasema tu kwamba mtu aliyeyapitia yale, akisikia hatua za wanaume wenye virungu dirishani kwake, hawezi kulala kwa utulivu eti kwa kuwa kaambiwa ni polisi jamii. Tena sheha ndiye anayethibitisha ukaazi wako unapotaka kitambulisho cha Mzanzibari. Mwenye mkono katika kitambulisho chako akiwa pia ndiye mkubwa wa walinzi wa usiku, mtu wa chama kingine atauliza, na ana haki ya kuuliza, walinzi hao wamechaguliwa na nani.

Pamoja na yote hayo, kwa nini bado navitaka vikundi? Kwa sababu mtaa usiokuwa na kikundi haubaki bila ya wenye virungu. Unabaki na kelele ya "mwizi! mwizi!" Wanatoka watu wa kila nyumba, na kufumba na kufumbua mtu yuko chini. Umati ule hauna jina, hauna kiongozi, na asubuhi hakuna aliyekuwepo. Kikundi, hata kibovu, kina watu wanaojulikana kwa baba zao. Anaweza kuitwa mmoja mmoja akaulizwa. Wanaotaka vikundi vifutwe kabisa sijawasikia wakilijibu hili, na mimi naliona ni zito kuliko mengine yote.

Liko pia jambo ambalo pande zote mbili zinalipita kwa mbali. Tunapozungumza usalama wa mtaa tunafikiria wa nje: mlango, ukuta, njia. Lakini mtoto anayedhalilishwa kijinsia, mara nyingi anadhalilishwa na anayemjua, ndani ya nyumba au nyumba ya pili. Mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji zimekuwepo tangu 2021, dawati la jinsia na watoto liko polisi, na vituo vya Mkono kwa Mkono, vya kuwahudumia waliodhalilishwa, viko hospitali. Lakini kesi zinakatikia njiani kwa muhali, yaani kuoneana haya. Ni mjomba, ni jirani wa miaka, ni mtu anayeswali safu ya mbele. Kikundi kinachomkimbiza teja wa koki mpaka mtaa wa Amani kinakaa kimya kwa mtu huyo, na kinakaa kimya vilevile kwa yule anayenunua koki hizo, kwa sababu ana duka na watu wanamkopa.

Hapa pana hatari ya kukosea upande wa pili. Sitaki kikundi kianze kugonga milango ya watu usiku. Tumeyaona hayo nayo: vijana wanavamia chumba kumtafuta nani kalala na nani, kisha wanadai fedha ili wasiseme. Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Kila kikundi kiwe na wanawake wawili au watatu wanaoaminika, wasiopiga doria, ambao mtoto au mama anaweza kuwaendea mchana, na wao wajue namba ya dawati na njia ya kufika Mkono kwa Mkono, wala wasiruhusiwe kusuluhisha kesi ya namna hiyo mtaani.

Kwa doria yenyewe, lililo muhimu kuliko kizibao ni daftari. Nimewahi kuliona moja, la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, saa, jina la aliyesimamishwa, kwa nini, aliachiwa au alipelekwa kituo gani, saini za walinzi wawili. Kurasa za mwanzo zimejaa vizuri. Baadaye safu ya "kwa nini" inaanza kuandikwa "mashaka" tu, kila mstari, na mwisho safu hiyo ni tupu. Mtu hahitaji kuhudhuria doria hata moja ili ajue kikundi kile kilianza kuharibika lini. Kama Polisi wa Shehia, askari aliyepangiwa shehia hiyo, angelipitia daftari lile kila wiki, angeliona.

Fedha nazo. Mchango wa ulinzi huanza kwa hiari, ukaishia kuwa deni. Nyumba isiyotoa huambiwa ikiibiwa isipige kelele. Hilo si ulinzi tena. Orodha ya waliotoa na matumizi yake ibandikwe ukutani ofisini kwa sheha, na nyumba ya mjane ilindwe sawa na ya mwenye gari mbili. Tusisahau kuwa wanaolinda ni vijana wasio na mshahara, na baadhi yao wamekatwa mapanga. Hospitali wanalipiwa na wazazi wao. Serikali inayowasifu jukwaani inapaswa kuwa na jibu la nani anamtibu kijana huyo na nani anailisha familia yake akilala miezi miwili.

Na walinzi wachaguliwe na mkutano wa wakaazi mchana kweupe, majina yasomwe, mwenye pingamizi aseme palepale, kabla sheha na polisi hawajatia saini. Kiongozi wa maskani, yaani kijiwe cha wanachama, ya chama chochote asiwe kiongozi wa kikundi. Wakati wa kampeni, kazi ya kikundi ibaki kwenye wizi na udhalilishaji, bendera na mabango yaachiwe polisi. Shehia yenye wafuasi wa vyama viwili iwe na watu wa vyama viwili ndani ya zamu moja, wanaotembea pamoja usiku huohuo na tochi moja.