Kabla ya rangi ya jiwe, chagua uso wake

Sikukuu ya Idi, mama aliacha nusu ya ndimu imelala kifudifudi juu ya kaunta yake mpya ya marumaru nyeupe, akaenda kupokea wageni. Jioni alipoiokota, palibaki duara. Ukitazama kwa juu huoni kitu. Ukiinama mpaka mwanga wa dirisha uteleze juu ya jiwe, ndipo linajitokeza: mviringo uliofifia, ukubwa wa ndimu ile ile, katikati ya weupe unaong'aa kama kioo. Alisugua siku tatu. Sabuni, majivu, mwisho akachukua ndimu nyingine, maana ndivyo tulivyozoea kung'arisha masufuria. Duara likawa kiraka.

Aliyetuuzia jiwe lile hakuuliza tunapika nini. Aliuliza tunataka rangi gani, akatuonyesha slabu, yaani bamba zima la jiwe, iliyosimama chini ya taa kali, nasi tukalipenda papo hapo. Hatukujua kwamba kulikuwa na swali jingine la kuuliza. Wengi wanaojenga hivi sasa wako pale pale tulipokuwa sisi: wiki nzima wanabishania rangi, na uso wa jiwe, yaani jinsi ulivyosuguliwa, ung'ae au using'ae, wanauchukua vile unavyokuja. Naamini uso ndio uamuliwe kwanza, rangi ifuate.

Jina nalo linachanganya. Hapa Tanzania ukisema marumaru dukani, utaonyeshwa vigae. Marumaru ninayoisema ni jiwe lenyewe, lililochimbwa na kukatwa, na kwa asili ni kalsiamu kabonati, kitu kile kile kilichomo kwenye mawe ya matumbawe ambayo watu wa pwani wameyachoma tanuruni karne nyingi ili wapate chokaa. Asidi inaila. Ndimu, ukwaju, siki, nyanya, hata soda iliyomwagika na kusahaulika. Granaiti ni jamii nyingine. Imeumbwa zaidi kwa madini ya kwatzi na feldspa, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs (namba ikipanda, ugumu unapanda) yako 7 na 6, wakati marumaru iko 3. Kisu cha jikoni kinaichora marumaru. Kwenye granaiti anayeumia ni kisu.

Kwa hiyo mama hakuwa anasugua uchafu. Alikuwa anasugua mahali palipoliwa, na pameshaliwa, hapaoshwi pakarudi.

Mng'aro wenyewe si rangi iliyopakwa juu. Fundi anapitisha pedi za almasi kwa mashine, maji yakichuruzika, akianza na namba 50 yenye makali, kisha 100, 200, 400, 800, 1500, mpaka 3000. Kila pedi inafuta mikwaruzo ya iliyoitangulia. Akifika mwisho, jiwe linakuwa kioo. Akisimama kwenye 400 au 800, unapata uso laini usiong'aa, kama kokoto iliyooshwa na mto. Na akibadilisha pedi akaweka brashi za almasi, zinakula chembe dhaifu na kuziacha zilizo ngumu, hivyo jiwe linabaki na mabonde madogo madogo; ukilipapasa ni kama mkoba wa ngozi, na ndiyo maana unaitwa uso wa ngozi. Upo pia uso wa kuchomwa moto, lakini huo ni wa ngazi na njia za nje. Jikoni utakunyofolea nyuzi za kitambaa kila ukifuta.

Sasa maoni yangu, na nayasema kwa uzito. Marumaru ya jikoni ising'arishwe. Ndimu itaila hata iliyosimamishwa kwenye 400, lakini alama iliyofifia juu ya uso uliofifia haionekani kama jeraha. Kwenye kioo kila tone ni kovu. Na muuzaji akikwambia usihofu, tutapaka sila, muulize sila hiyo inazuia nini. Sila nzuri inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na kuchelewesha mafuta na bizari visizame. Asidi haiizuii, kwa sababu asidi haisubiri kuzama; inakula pale juu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na madukani yanasemwa kana kwamba ni moja.

Granaiti nyeusi nayo ina kesi yake. Ikiwa kioo, inaonyesha kila tone. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinatumia maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi. Yakikauka juu ya jiwe jeusi linalong'aa, yanaacha vijiduara vyeupe kuanzia sinki mpaka jiko la gesi. Watu wakikimbilia nyeusi isiyong'aa wanakutana na tatizo la pili: alama za vidole zenye mafuta. Ukishika ukitoka kukaanga samaki, alama ya kiganja inakaa pale mpaka uifute kwa sabuni. Kwa nyeusi, uso wa ngozi ndio unaosamehe. Maji, vidole, vumbi, vyote vinapotelea kwenye yale mabonde.

Lakini mama mdogo anasukuma chapati moja kwa moja juu ya kaunta, hatumii kibao. Alipokuja kuona sampuli yangu ya uso wa ngozi, hakusema kitu. Alichukua donge la unga, akalibandika, akalisukuma mara mbili, akalibandua. Kwenye mabonde palibaki unga, na kitambaa kibichi hakikuutoa mpaka tulipoleta brashi. "Hili si la chapati, mwanangu," akasema. Amesema kweli. Anayekanda na kusukuma juu ya jiwe achague uso laini, ung'ae au using'ae.

Sina ugomvi na mng'aro. Granaiti yenye madoadoa, ya kijivu au ya kahawia, acha ing'ae. Madoadoa yake yanaficha kila kitu na kufuta ni rahisi kuliko zote.

Kabla hujalipa, omba kipande cha masalio, cha slabu ile ile na uso ule ule unaoutaka. Karakana za mawe zimejaa vipande. Nenda nacho nyumbani, kiweke karibu na sinki lako, chini ya mwanga wako. Dondosha maji: baada ya dakika kumi jiwe likiwa jeusi zaidi pale, linakunywa, na litahitaji sila. Weka tone la ndimu, mafuta, na kijiko cha bizari iliyolowa, ulale. Asubuhi osha, kisha tazama kwa pembeni, usitazame kwa juu. Kama ni jeusi, lisugue pia kwa pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Pamba ikitoka nyeusi, jiwe hilo limetiwa rangi.

Ya mama tuliiokoa. Fundi alikuja, akafunika makabati kwa nailoni, akashinda anasaga kwa maji kuanzia kiraka kile mpaka ukutani, maana huwezi kufuta mng'aro mahali pamoja ukauacha pengine. Mama alisimama mlangoni akiona jiwe lake likipoteza kioo, akaniambia, "Mmeniharibia." Jioni maji yalipokauka alipitisha kiganja taratibu, kutoka sinki hadi dirishani, akarudia.

Idi iliyofuata ndimu zilikatwa hapo hapo. Alama zipo, ukizitafuta.