Shangazi na Mzee wa Changuu

Shangazi yangu wa Tabora alipokuja Unguja alitaka kitu kimoja tu: kuwaona kobe wa kisiwa cha Changuu. Boti tukaipata Forodhani, nusu saa hivi baharini, na njia nzima dua hazikumkauka mdomoni. Kule tukashukia majini. Wimbi likamuwahi, gauni likaloa mpaka kifuani. Akaingia chooni, akatoka na doti ya kanga, moja kiunoni, nyingine mabegani, na ndani (hili alilitangaza baadaye mwenyewe, kwa sauti kubwa) shimizi peke yake.

Kobe wale asili yao Shelisheli. Wanne waliletwa zawadi mwaka 1919, wakazaana. Madume makubwa yanapita kilo 200, na umri wameandikiwa kwa rangi mgongoni. Shangazi akausoma wa mmoja, akakuta mia na kitu, akainama kwa adabu: "Shikamoo babu."

Babu hakuitika. Alikuwa anauangalia mchicha mkononi mwa shangazi, huyo anakuja, hana haraka. Shangazi kuchuchumaa amlishe, pindo la kanga likatandazika chini. Mzee akalikanyaga, akakunja miguu, akalala juu yake.

"Wewe mtoto, mtoe!"

Nikasukuma. Bora ningesukuma kituo cha polisi. Wazungu wametoa simu, shangazi kashika fundo la kanga kwa mikono miwili, na mtembeza wageni mmoja pembeni anaendelea na maelezo yake kana kwamba hatuoni: jela ya kisiwa hiki ilimalizwa mwaka 1894, ikaja kuwa karantini ya homa ya manjano, haijawahi kufunga mfungwa hata mmoja.

"Na mimi je?" shangazi akafoka.

Mtunzaji akaja anatafuna muwa. "Huyo hasukumwi. Anakunwa." Akamkuna shingoni. Mzee akafumba macho, shingo ikarefuka, miguu ikanyooka mmoja mmoja, tumbo likaachana na ardhi. Shangazi akavuta kwa nguvu zake zote. Kumbe ncha ya kanga ilikuwa mdomoni mwa babu, pamoja na mchicha.

Chwaaa!

Tukiwa kwenye boti, nahodha akawa anaisoma kanga: HASIDI HANA.

"Mama, hana nini?"

"Kamuulize babu yako kule. Neno lenyewe kalitafuna."