Tena (ténor) wa Lubumbashi na opera: aende ao abakie?

Mu Lubumbashi kila parwasi iko na shorali, na karibu kila shorali iko na ule kijana moja wa tena, ile sauti ya juu ya mwanaume, bantu bote banamungojea siku ya Pasaka. Akimaliza solo yake bamama banapiga vigelegele, na kisha misa mabishano inaanza palepale inje ya kanisa: huyu mutoto angezaliwa Ulaya saa hii angekuwa anaimba opera, ile teatro yenye kuimbwa na orkestra, tuchange feza aende. Upande ingine kuko bazazi, bo banasema kuimba haiko kazi, amalize kwanza UNILU (universite ya Lubumbashi), opera ni mambo ya bazungu benye kushiba. Mi naona kila upande iko na haki kidogo, shida ni kwamba bote banabishana juu ya sauti, na sauti njo kitu pekee huyu kijana eko nayo tayari.

Tuanze na benye kusema aende, juu hoja yao iko na nguvu kuliko bazazi banavyofikiri. Banaume mingi beko na sauti ya katikati, baritono, lakini sauti ya tena ya kweli, ile inafika nota do ya juu bila shingo kukaza, haiko mingi mu dunia. Zaidi, opera za batungaji Baitalia Verdi, Puccini na Donizetti mara mingi zinamupatia mwimbaji tena ile kazi ya kijana anapenda binti, kwa hiyo kila nyumba ya opera inamutafuta. Na haiko lazima utoke mu jamaa ya bakubwa. Baba ya Luciano Pavarotti, ule tena Muitaliano mwenye jina kubwa, alikuwa anapika mikate kule Modena na alikuwa tena wa shorali, mutoto mwenyewe alifundisha masomo ya msingi, akauzisha asiransi, na mu 1955 baba na mutoto balikuwa pamoja mu shorali ya Modena yenye ilishinda mashindano ya kuimba ya Llangollen, kule Wales. Shorali, kama hizi zetu! Mbele ya kuimba role ya Rodolfo mu opera La bohème ku Reggio Emilia mu 1961 alikuwa ameshasoma na mwalimu miaka mingi, hii bantu banaisahau.

Na sisi hatuanzie ziro. Missa Luba, ile misa ya kilatini yenye kuimbwa kwa mutindo wa Congo, ilitoka Kamina, hapa Katanga, na mu 1958 Ulaya ilisikia Joachim Ngoi, mwimbaji tena na mwalimu wa masomo, anaimba solo. Karibu na sisi kuko Serge Kakudji, mutoto wa Katanga, ye ni kontratena, sauti ya juu kupita tena, na mu 2014 alikuwa mu shoo Coup Fatal ya Alain Platel na Fabrizio Cassol, muziki ya zamani ya Ulaya inachezwa na banamuziki ba Kinshasa. Afrika ya Kusini kuko Levy Sekgapane, ye ni tena kabisa, alishinda Operalia, mashindano ya dunia ya baimbaji ba opera, mu 2017.

Sasa tuhesabu feza, hapa njo bazazi beko na haki. Bantu banasikia kama mwimbaji mukubwa ku nyumba ya opera Metropolitan ya New York anaweza kupata kama dola 17.000 usiku moja, wanazidisha mara siku 30, wanacheka. Haiko hivyo. Tena wa kujitegemea analipwa kwa kila usiku anaimba, repetisioni inaweza kuchukua wiki nne mpaka sita, nyumba ya kulala mara mingi analipa mwenyewe, ajenti anakata yake, serikali inakata yake, mwalimu wa sauti naye anangojea. Ukiamuka na mafua hauimbi, na mara mingi usipoimba haulipwi. Mu 2020 Metropolitan ilipofunga juu ya korona, baimbaji ba solo hawakulipwa ile mashoo yaliyofutwa, na bamoja kati yao balikuwa majina makubwa.

Lakini kuko maisha ingine ya tena, na katika mabishano yetu hakuna mwenye kuitaja. Ujerumani iko na nyumba za opera kama 80, na mingi inachukua baimbaji kwa mushahara wa kila mwezi, musimu muzima. Haiko utajiri, utaimba role kubwa leo na ndogo kesho, utajua kijerumani kwa nguvu, lakini ni kazi, iko na asiransi ya magonjwa na kontra. Kama tunapima kijana wetu tumupime na huyu tena wa muji mudogo wa Ujerumani, tuache Pavarotti.

Kuko pia umri. Tena Muitaliano Giuseppe di Stefano aliimba role nzito mbele ya wakati na sauti ikaharibika angali kijana bado, tena wa Espanya Alfredo Kraus alikataa zile nzito na akaimba mpaka karibu na miaka 70. Kwa hiyo mwenye kusema ndio kwa kila mualiko anajiharibia.

Na sisi tunaanza kuharibu mapema. Angalia kijana wetu jumamosi: repetisioni masaa tatu nzima, jioni ndoa, sinte, ile klavie ya umeme, inapiga nguvu, mikro imegusa midomo, mishipa ya shingo imesimama, mutu wa sauti anaongeza mwangwi (écho) na bote tunafurahi. Kesho misa mbili. Opera haina mikro, sauti lazima ipite juu ya orkestra ya bantu 60 na zaidi kwa ufundi wa pumzi, haiko kwa kupiga makelele, na ile tabia ya kubana koo tunamufundisha leo mwalimu atatumia miaka kuitoa.

Mi nasema hivi: kama eko na miaka 18 ao 19, anajua kusoma nota ao anakubali kujifunza, aende, lakini haiko Ulaya kwanza. Cape Town iko na shule ya opera ku universite, Pretty Yende, mwimbaji mukubwa wa opera wa Afrika ya Kusini, alipita pale, visa ni shida pale pia, naelewa, lakini njia ni fupi na maisha ni nafuu kuliko Paris. Kama eko na miaka 28 na bibi na batoto babili, abakie, aimbe vizuri mu Katuba, hapa mu Lubumbashi, hakuna haya. Na ile feza parwasi inachanga kwa bilet ya ndege, inunue kwanza klavie na mwalimu wa nota wa mwaka moja, na kama kuko padri ao sista Muitaliano karibu, aombwe saa moja kwa wiki ya kumufundisha kiitaliano.