Mashine ikikunyima mkopo, nani akueleze sababu?

Tukizungumzia sheria za akili mnemba, mara nyingi tunaishia kwenye roboti na video za kughushi. Mimi nazipima kwa mkopo wa simu. Mama anaomba pesa kidogo ya kununulia mboga za kuuza, programu inapekua miamala yake, kisha anajibiwa kuwa hastahili. Kwa nini? Hana wa kumuuliza.

Ulaya wameliona hili mapema. Sheria yao ya akili mnemba ya mwaka 2024 imeweka mifumo ya kupima nani akopeshwe kwenye kundi la hatari kubwa. Hata kabla yake, Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya SCHUFA, kampuni ya Ujerumani inayowapa watu alama za ukopaji, yaani namba inayokadiria kama mtu atalipa deni, kwamba ikiwa benki inaegemea sana alama hiyo, basi kuitoa tu ni kumwamulia mtu kwa mashine. Naipenda hukumu hii. Bila hiyo, benki ingesema alama si yake, na aliyetoa alama angesema uamuzi si wake, mwananchi akabaki katikati.

Marekani hawana sheria moja ya taifa kuhusu akili mnemba, na amri aliyoitoa Biden mwaka 2023 Trump aliifuta siku aliyoapishwa, Januari 20, 2025. Lakini sheria yao ya mikopo ya miaka ya 1970 inamlazimu mkopeshaji amweleze mtu sababu za kumkatalia, awe ametumia karani au kompyuta. China nao, kwa kanuni za 2022, wamempa mtumiaji haki ya kuzima mapendekezo ya mashine, yaani vitu ambavyo programu humchagulia aone au anunue, ila jicho la serikali limo humo humo.

Sasa sisi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake. Shida ni kwamba kinaruhusu uamuzi huo pale unapohitajika ili kuingia mkataba, na mkopo ni mkataba. Hata hivyo, hapo pia lazima ujulishwe, na unaweza kudai uamuzi uangaliwe upya.

Kwa hiyo sioni haja ya kunakili kurasa zote za sheria ya Ulaya kwanza. Wasimamizi wa data waanze na wakopeshaji wa simu: kila ujumbe wa kukataa utaje sababu, kwa Kiswahili, pamoja na namba inayopokelewa na binadamu mwenye mamlaka ya kubadili jibu.