Nilimkaribisha Chozi, Ukaja Ukoo Mzima

Anayesema Dodoma hakuna ndege ila kunguru, hajamwona chozi dume kwenye jua la saa mbili asubuhi: kijani kinachometa, kifua chekundu, mdomo umepinda tayari kwa kufyonza maua. Mimi nilimtaka uani kwangu, Ipagala. Tatizo, mwezi wa nane Dodoma maua yako wapi? Kinachochanua ni vumbi.

Basi nikampikia. Sukari kikombe kimoja, maji vikombe vinne. Rangi sikutia, wala asali, maana asali ikishatiwa maji huchachuka upesi na kuota ukungu. Nikatoboa chupa, nikaifunga kijiti cha kutulia, kwa sababu chozi si kama vile videge vya Marekani vinavyokunywa vikielea hewani. Chozi hupenda akae kwanza, kama mkwe. Nikaitundika kwenye mwarobaini, na chini yake sinia la zabibu zilizolainika, zile za bei ya jioni.

"Baba Neema, hiyo si sukari ya uji wa watoto?"

"Ni ya wageni."

Na chozi alikuja, hilo liandikwe. Akachovya, akanitazama, akachovya tena. Nyuma yake wakaja kuzumburu na mikia yao mirefu, shangazi na wajomba, wakining'inia ukingoni mwa sinia bila hata hodi. Shore nao wakapata habari. Sinia lilipokwisha, wote wakageukia ng'ambo ya ukuta.

Ng'ambo ya ukuta kuna mzee na mizabibu yake, na ilikuwa ndiyo kwanza inaiva. Wajukuu wake hugonga madebe tangu alfajiri. Ikawa ndege wakifukuzwa kule wanakuja kupumzika kwangu, wanakunywa kidogo, wanarudi kazini na nguvu mpya.

Mzee akaja. Nikamwamkia, "Mbukwenyi!", Kigogo changu chote hicho. Hakuitikia.

"Bwana mdogo, mimi nalisha wajukuu wafukuze ndege. Wewe unawachemshia chai?"

Akainama kuichungulia chupa. Nilikuwa natafuta namna ya heshima ya kumweleza habari za nyuki. Kiangazi nyuki huhangaikia maji, sembuse maji yenye sukari, na siku hiyo matundu ya chupa yalikuwa hayaonekani kwa nyuki. Kofia ya mzee ikaigonga.

Mimi ndiye niliyefika jikoni wa kwanza. Mlango nikaufunga hapohapo, bila kuhesabu watu. Mama Neema alikuwa nje na beseni la nguo. Alijiokoa kwenye banda la kuku, na suala hilo bado liko mezani.

Nikachungulia dirishani. Mzee amesimama palepale, nyuki wametanda kofiani, yeye hata kope hachezeshi. Anawakagua. Kisha akaondoka taratibu, kama hakuna kitu, na nyuki wakarudi kwenye chupa yao.

Jioni hodi. Mzee, na nyuma yake wajukuu wawili wamebeba mzinga wa gogo.

"Nyuki wazuri hawa," akasema, macho yako juu ya mwarobaini wangu, anachagua tawi. "Asali ya kwanza yote yangu, fidia ya zabibu. Ya pili tutagawana. Chupa yako iache hapohapo, sukari tu uongeze."

Mama Neema siku hizi anaanika nguo kwa dada yake, Nkuhungu.