Leseni ya biashara si kibali cha kukaa na watoto

Siku hizi ukipita Kinyerezi, Tabata au Tegeta utaona mabango madogo kwenye mageti ya nyumba za kawaida: tunapokea watoto baada ya masomo. Humo ndani wapo wa darasa la kwanza mpaka la saba. Wametoka shule saa nane na nusu, wazazi watawapitia saa moja usiku au saa mbili, kutegemea foleni ya siku hiyo. Wanakula, wanafanya homuweki, wengine wanaogeshwa kabisa. Ni huduma inayotuokoa wengi, na mimi ni mmoja wa wanaoilipia. Lakini muulize mwenye kituo kama ana kibali. Atakuonyesha leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani kwenye fremu, nawe utaridhika, kama tunavyoridhika karibu sote.

Leseni ile inathibitisha nini? Kwamba mtu ana TIN, ana eneo la kufanyia biashara, mambo yake ya kodi yako sawa na halmashauri imepata ada yake. Muuza mabati anayo. Mwenye saluni anayo. Siku hizi unaiomba kwenye Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ukiwa umekaa sebuleni kwako, jambo ambalo kwa muuza mabati ni maendeleo makubwa na sina ugomvi nalo. Ila hakuna mahali inapouliza watoto ni wangapi, nani anashinda nao, na moto ukitokea jikoni watatokea mlango gani.

Kwa wadogo, njia ipo. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe kupitia Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maafisa ustawi wana mamlaka ya kukikagua. Kwa shule nako kuna Sheria ya Elimu na wathibiti ubora wake. Sasa mchukue mtoto wa miaka tisa, saa kumi jioni. Utaratibu wa vituo, kama jina lenyewe linavyosema, uliwafikiria wadogo, na yeye si mdogo tena. Shule nayo imeshapiga kengele ya mwisho. Kwa saa nne au tano kila siku yuko mikononi mwa watu ambao hakuna ofisi iliyowahi kuwauliza swali.

Na watoto wa aina hiyo wameongezeka. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Niliiunga mkono na bado naiunga mkono. Mtoto wa miaka sita kulelewa na kengele za bweni ni jambo ambalo sijawahi kulielewa. Lakini mzazi aliyempeleka bweni kwa sababu anatoka kazini usiku hakubadilishiwa saa za kazi. Bibi yuko Songea. Dada wa kazi mwenyewe mara nyingine ana miaka kumi na sita, yaani kwa sheria hiyohiyo ya 2009 naye ni mtoto. Kituo cha jioni ndicho kilichobaki.

Wifi yangu alipotaka kufungua cha kwake alijaribu kufuata taratibu, nami nikamsindikiza sehemu nyingine. Ustawi wa jamii wakamwambia hao ni wanafunzi, aende elimu. Elimu wakamwambia hiyo si shule, arudi ustawi. Dawati la biashara ndilo ambalo halikuwa na swali, akapata leseni akafungua. Baadaye wakaja watu wa zimamoto, wakaja wa usalama mahali pa kazi, kila mmoja na ada yake, na nakiri ule mtungi wa kuzimia moto usingekuwepo bila wao. Hata hivyo, katika wote waliopita pale, hakuna aliyetaka kujua yule kijana anayefundisha hesabu saa kumi na moja ametoka wapi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Tunakagua kuta, hatukagui watu. Mtanzania anayeomba viza ya kwenda kufanya kazi nje huenda Polisi, akachukuliwa alama za vidole, akapewa hati ya tabia njema. Nchi ya mgeni inataka kumjua kabla hajafagia sebule ya mtu. Mtu huyohuyo akiamua kubaki hapa na kukaa na watoto ishirini wa wenzake, hati hiyo hatuidai. Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Takwimu hizo ziko kwenye makabati ya wizara hadi leo.

Hati ya tabia njema yenyewe haitoshi, najua. Inakuonyesha waliokwisha kukamatwa tu. Ndiyo maana masharti ambayo ningeyakazania zaidi hayagharimu hata shilingi: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto chumbani mlango ukiwa umefungwa; pawe na watu wazima wawili muda wote watoto wapo; na pawe na daftari la nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, lenye jina na namba ya simu. Hilo la daftari linaonekana dogo mpaka siku anapotokea bodaboda getini anasema ametumwa na mjomba. Ningeongeza na picha. Watoto wanawekwa kwenye status ya WhatsApp wakiwa na sare zenye nembo ya shule, ili kituo kipate wateja, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Kuna watakaosema basi vifungwe vyote mpaka kanuni zitungwe. Tuwaangalie majirani. Kenya ilipitisha Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2013, ikakataza masomo ya ziada wakati wa likizo na kuweka adhabu ya faini ya hadi shilingi laki moja za Kenya au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Twisheni za likizo hazikufa. Zilibadilisha jina na mlango wa kuingilia. Kwetu itakuwa hivyohivyo. Bango litashushwa, geti litafungwa, na watoto watabaki ndani palepale, safari hii hata jirani hajui kuwa wapo.

Uingereza nako, kwa upande wa England, wameweka mstari ulio wazi: ukiwaangalia watoto walio chini ya miaka 8 kwa zaidi ya saa mbili kwa siku kwa malipo, kwa kawaida lazima ujisajili Ofsted, ofisi inayokagua shule na malezi ya watoto, wakishavuka umri huo usajili ni hiari. Naupenda mstari kwa kuwa unaeleweka hata kwa asiye mwanasheria. Umri ndio siukubali. Kwetu ningeuweka mpaka amalize darasa la saba, na mama anayewaangalizia majirani watoto watatu wanne nisingemgusa kabisa, maana huo ni ujirani, haujawa biashara.

Usajili wenyewe uanzie kata. Sheria ya Mtoto tayari inaitwika halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, kwa hiyo hatuanzi na karatasi tupu. Fomu moja: majina ya watu wazima wote walioko pale, hati zao, idadi ya watoto, milango ya kutokea. Maafisa ustawi ni wachache, na wa kwetu nimemwona akikimbizana na kesi za ndoa, wazee na watoto wa mitaani kwa wakati mmoja. Asipelekwe kukagua kila geti kila mwezi. Aende palipolalamikiwa, na hapa na pale bila taarifa. Na namba 116, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, iandikwe ukutani chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili, badala ya juu karibu na fremu ya leseni.

Hilo daftari la kata liandike pia twisheni, chuo cha Kurani cha alasiri na madarasa ya kanisani. Najua hapa ndipo ubishi utakapowaka. Nimesoma chuo barazani kwa maalimu wetu mpaka nikahitimu, na kuandika jina lake kwenye fomu ya serikali kusingepunguza hata aya moja katika alizotufundisha. Serikali haiombi kujua kinachosomwa, inaomba kujua nani yuko na watoto. Wakitaka kusamehewa, waeleze kwanza mtoto anakuwa salama zaidi kwa kipi hasa pale tunapoacha kuuliza.