Nunua Chujio Kabla ya Samaki

Anayeanza kufuga samaki wa maji chumvi nyumbani huhangaikia taa, pampu na aina ya chumvi. Maji huja mwisho. Mimi nasema yatangulie, kabla hata hujachagua samaki.

Sababu yangu ni mvuke. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 2 kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na vingine vilivyoyeyuka hubaki, ndiyo maana tunajazia maji yasiyo na chumvi. Siku 100 zikipita umeshamimina lita 200, sawa na tangi zima jingine. Kama ni ya bomba, yameingia pamoja na nitrati, fosfati, silika, pengine na shaba. Fosfati na nitrati hulisha mwani. Silika huleta ule ukungu wa kahawia unaotanda kwenye kioo na mchanga. Shaba ndiyo inayonitisha, kwa kuwa kiasi ambacho samaki anakivumilia humuua kamba, konokono na matumbawe. Kamba wangu waliisha ndani ya wiki moja huku samaki wakila vizuri tu, nami nikawa natafuta kosa kwenye chakula. Nilipopima maji ndipo nilipoikuta shaba, kutoka kwenye mabomba ya nyumba. Inaniuma mpaka leo.

Wapo wanaotegemea dawa ya kuondoa klorini. Klorini huondoka kweli, lakini nitrati na shaba havitoki majini. Na kama maji yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, dawa ya kawaida huivunja na kuacha amonia. Kuyaacha kwenye ndoo usiku kucha hakusaidii hapo, maana kloramini haipai upesi kama klorini. Kuchemsha ndiyo kabisa: maji hupungua, madini yanabaki pale pale. Kukeneka, yaani kuyageuza maji mvuke kisha kuupoza, hutoa maji safi, ila hula umeme mwingi na huenda polepole.

Chaguo langu ni osmosisi ya kinyume, yaani kuyasukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba, ikifuatiwa na resini, chembe ndogo zinazonasa vilivyoyeyuka. Maji hupita kwanza kwenye chujio la matope, kisha kaboni, ambayo hunasa klorini isiuharibu utando. Utando wenyewe ukiwa mzima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya vilivyoyeyuka, na resini humalizia masalia. Wanaoiacha resini ili kupunguza gharama siwaungi mkono, kwani hayo masalia ndiyo yanayojilimbikiza siku hadi siku kwa hesabu ile ile ya mvuke.

Kasoro kubwa ni maji yanayotupwa, mara nyingi lita 3 au 4 kwa kila lita moja safi. Ni mengi, nayo yananikera. Mimi huyakinga kwenye pipa nikafulia na kupigia deki. Presha ya bomba ikiwa ndogo, upotevu huzidi na utando huchuja vibaya, kwa hiyo ongeza pampu ya kusukuma.

Nunua pia kipimo cha vilivyoyeyuka. Ni kidogo kama kalamu. Baada ya resini kisome 0. Kikianza kupanda hadi 1 au 2, badilisha resini, usingoje mwani ukuambie. Na kila unapowasha mtambo baada ya kukaa, mwaga maji ya dakika chache za mwanzo, kwani wakati umezimwa chumvi hupenya utando taratibu hadi upande wa maji safi.